Nimeanza baleti nikiwa na miaka 32, na magoti yameanza kulalamika

Hujambo Mwalimu,

Mimi ni karani katika sacco moja hapa Nairobi, nakaa South B, nina miaka 32 na mtoto mmoja. Baleti niliitamani tangu nikiwa mdogo, lakini kwetu hata karo ilikuwa ya kuchangiwa. Nani angelipa mtoto aende akacheze? Mwaka huu niliona tangazo la darasa la watu wazima wanaoanza, Jumamosi asubuhi, nikajiandikisha kabla sijabadili mawazo.

Napenda, sikufichi. Lakini kuna mambo yananisumbua.

Kwanza ni magoti. Mwalimu wetu akisema tusimame visigino pamoja na vidole viangalie nje, kuna wenzangu wawili ambao miguu yao inakaribia kuwa mstari mmoja. Mimi nakunja magoti kidogo, naipanga miguu sakafuni mpaka ikae kama yao, halafu nanyooka. Tukianza kuinama nasikia kitu kinavutwa upande wa ndani wa goti. Jumapili nikishuka ngazi, maana tuko orofa ya tatu, nashikilia ukuta.

Pili, napotea. Maneno ni ya Kifaransa, hesabu inakwenda, mguu huu, mkono ule, na kabla sijashika chochote watu wote wamegeuka upande wa pili. Mimi husimama mwisho wa ule ufito wa kushikilia, karibu na mlango ili nisionekane, kwa hiyo tukigeuka najikuta niko mbele ya kila mtu na sijui kinachoendelea. Kwenye kioo naona mama mnene anayefukuza nzi.

Tatu, nimepata sokoni Gikomba viatu vya baleti vya satini, rangi ya waridi, vile vyenye ncha ngumu, kwa bei ya kutupa. Vinanitosha kabisa. Nimejaribu kusimama navyo jikoni nikishika sinki, nikaweza kwa sekunde chache. Je, naweza kuvitumia kujizoeza nyumbani? Sakafu yetu ni ya vigae. Na mpwa wangu wa miaka saba anavitaka pia.

Mwisho, mume wangu hanikatazi ila ananitania: "Utapiga msamba lini tuje tuone?" Mama mkwe naye aliona leotadi, lile vazi la kubana la mazoezi, kwenye kamba akauliza ni ya nani, nikasema ya mtoto. Kwa umri huu msamba bado unawezekana, au natupa pesa?

Karani wa South B

JIBU

Hujambo Karani,

Naanza na magoti, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja na hayo hayawezi.

Huko kukunja goti, kupanga miguu sakafuni, kisha kunyooka, ndiko kunakokuumiza. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua. Likiwa limenyooka, kujizungusha kwake ni kidogo mno. Kinachozunguka ni nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia kwenye kikombe chake. Sasa ukiubandika unyayo sakafuni kwa pembe ambayo nyonga haijaifikia, halafu ukanyoosha mguu, lazima pengo hilo lijazwe na kiungo kingine, na anayebebeshwa ni goti, upande wa ndani, hapo hapo unaposikia kuvutwa. Kifundo cha mguu nacho hulipia sehemu yake. Siku nyingine angalia chini ukiwa umesimama hivyo: naamini utaona upinde wa unyayo umelala, na uzito wote umehamia kwenye kidole gumba.

Pembe yako halisi utaipata hivi. Simama miguu ikiwa sambamba, visigino pamoja, magoti yamenyooka, mkono mmoja juu ya meza. Inua vidole vyote na sehemu ya mbele ya unyayo, ubaki juu ya visigino. Ukiwa hivyo, zungusha mapaja nje kuanzia juu kabisa, kwenye makalio, bila kukunja goti na bila kubinua mgongo. Yatakapokataa kwenda zaidi, shusha unyayo. Hapo ndipo nafasi yako ya kwanza, yaani huko kusimama visigino pamoja, ilipo leo. Huenda ikawa herufi V nyembamba tu, na utaona haya ukijilinganisha na wale wawili. Waache. Kikombe cha nyonga hakifanani kwa watu wote. Kuna waliozaliwa na mifupa inayowaruhusu, na hakuna zoezi linalobadilisha mfupa wa mtu mzima. Wala si ajabu mmoja wao naye anadanganya kama wewe, ila magoti yake hayajaanza kusema.

Kipimo cha pili ni wakati wa plie, yaani huko kuinama. Pia ya goti ielekee juu ya kidole cha pili cha mguu. Ikiangukia ndani, upande wa kidole gumba, umefungua miguu kupita uwezo wako, basi punguza V hapo hapo, hata kama mwalimu ameshaanza kuhesabu. Visigino vibaki chini, na uishie pale vinapotaka kuinuka. Ile plie kubwa ya kushuka mpaka chini iache kwanza mpaka maumivu yaishe. Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekulaumu kwa kufanya nusu yake.

Misuli inayozungusha paja imejificha chini ya makalio, na kwa kazi yako ya kukaa kwenye kiti cha sacco mchana kutwa, imelala. Iamshe hivi: lala ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, kisha fungua goti la juu taratibu bila kuacha kiuno kibingirike nyuma. Weka kiganja kwenye mfupa wa nyonga ukikamate kikianza kuondoka. Utashangaa jinsi goti linavyofunguka kidogo kiuno kikikatazwa kusaidia. Rudia mpaka uchoke, geuka upande wa pili. Zoezi hili halina urembo wowote, unaweza kulifanya ukitazama taarifa ya habari, na litakusaidia kuliko video kumi za mtandaoni za wasichana wa Urusi wanaojikunja.

Halafu jifunze kutofautisha maumivu. Misuli ya mapaja au ya nyuma ya mguu ikiuma kesho yake na keshokutwa, pande zote mbili, kisha ikapoa, hiyo ni kazi. Lakini maumivu makali yaliyokaa sehemu moja ndani ya kiungo, goti kuvimba, kukwama, au kukuachia ghafla ukitembea, hayo si ya kuvumilia wala kupaka dawa ya kuchua. Nenda kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia.

Sasa viatu vya Gikomba. Usivivae tena, hata sekunde chache za sinki.

Ile ncha ngumu si mbao wala chuma kama watu wanavyodhani. Ni tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, na chini ya upinde wa mguu kuna ubao mwembamba unaomshikilia mchezaji asidondoke mbele. Jasho na uzito huvilegeza vyote. Mchezaji wa kulipwa anaweza kuua jozi nzima kwa onyesho moja. Viatu ulivyonunua vilishakufa kwenye mguu wa mwingine, vikachukua umbo la vidole vyake, ndipo vikatiwa kwenye robota la mitumba. Kukutosha kwake ni kutosha kwa urefu tu. Kiatu cha ncha hupimwa upana, urefu wa vidole, kimo cha upinde na nguvu ya kifundo, na hupimwa mtu akiwa amesimama ndani yake mbele ya mjuzi. Ubao ukishalegea, wewe unaning'inia juu ya vidole vyako bila kitu cha kukuzuia, na kuteguka kifundo ni suala la lini tu.

Hata kama vingekuwa vipya, bado si wakati wako. Mtu mzima huhitaji miaka kadhaa ya darasa la kawaida, mara mbili au tatu kwa wiki, kabla mwalimu hajamruhusu. Lazima kwanza aweze kupanda na kushuka kwenye nusu ya kidole, yaani kisigino kikiwa hewani na uzito kwenye sehemu ya mbele ya unyayo, kwa mguu mmoja mara nyingi bila kuyumba. Mpwa wako naye asiviguse hata kwa mchezo. Mifupa ya mguu wa miaka saba bado inaumbika, na watoto wanaosoma baleti vizuri huanza viatu hivyo wakikaribia miaka 11 au 12, tena wale waliokwisha kujengeka.

Unachohitaji ni viatu laini vya turubai au ngozi, na hivyo havina gharama kubwa. Vikae mguuni vikiwa vimebana bila kukunja vidole. Usiache nafasi ya "vitapanuka", kwa sababu kitambaa kinachobaki mbele kitakukwaza. Namba zake mara nyingi hazilingani na za viatu vya barabarani, basi vijaribu, usiagize kwa kukisia. Vingi huja na lastiki ambayo haijashonwa kikamilifu. Kunja kisigino cha kiatu kwa ndani, na pale kinapokunjika pembeni ndipo pa kushona lastiki. Ile kamba ndogo ya mbele ikaze, ifunge fundo, ikate, kisha ulifiche fundo ndani. Kipepeo cha kamba kinachoning'inia juu ya vidole huwaudhi walimu wote niliowahi kufahamiana nao, mimi nikiwamo.

Na kama waridi haifanani na ngozi yako, hiyo si aibu yako. Rangi hiyo ilichaguliwa ili ifanane na miguu ya Wazungu. Kwa miaka mingi wachezaji weusi walikuwa wakipaka viatu vipodozi vya uso ili mstari wa mguu usikatike kwenye kifundo, na ni mwaka 2018 tu ndipo Freed of London, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black la Uingereza, walipoanza kuuza viatu vya ncha vya rangi za kahawia. Vya turubai unaweza kuvitia rangi mwenyewe. Wengine hutumia chai ya rangi iliyokolea.

Kuhusu kupotea, kosa lako ni mahali unaposimama. Mazoezi ya kwenye ufito hufanywa upande mmoja, kisha kila mtu anageuka na kurudia kwa mguu wa pili. Aliyejificha mwisho ndiye anayekuwa wa kwanza. Jumamosi simama katikati ya ufito, uwe na mtu anayejua mbele yako na mwingine nyuma yako. Mkigeuka utakuwa bado na wa kumfuata. Mkiachia ufito na kuhamia katikati ya chumba, chukua mstari wa pili. Mkianza kuvuka chumba kwa mshazari, usiende na kundi la kwanza. Tazama wawili watatu wakipita, halafu uende.

Mwalimu anapoonyesha zoezi, usisimame ukitazama tu. Lipitishe kwa viganja, mkono wa kulia ukiwa mguu wa kulia, huku ukihesabu mpaka nane. Kisha chagua miguu. Mikono iache kiunoni au ikae popote mpaka miguu ijue njia yake, ndipo uiongeze. Anayeanza akijaribu vyote pamoja hupata nusu ya kila kimoja. Ukipotea kabisa, simama, pumua, ngoja "moja" inayofuata uingie. Ukikimbiza hesabu iliyokuacha, unajifundisha kosa.

Kifaransa kisikutishe. Kimebaki tangu Mfalme Louis XIV alipoanzisha Académie Royale de Danse mjini Paris mwaka 1661, na faida yake ni kwamba ukikijua Nairobi unaweza kuingia darasani Havana au Tokyo na ukafuata. Mwanzoni huhitaji zaidi ya maneno kumi hivi. Plie ni kukunja magoti. Tendu ni kunyoosha mguu ukisuguana na sakafu mpaka vidole tu viguse. Releve ni kupanda juu ya nusu ya vidole. Mengine yatakuja yenyewe kwa kurudiwa.

Hiyo tendu, nikwambie, ndiyo baleti yenyewe. Wanaoanza huurusha tu mguu ukafika mbele, wakaona imekwisha. Ifanye polepole: kisigino kinaondoka kwanza, halafu upinde, halafu zile fundo za vidole zinabaki zimebonyea sakafuni, na mwisho vidole vinanyooka bila kukunjwa. Kurudi ni njia ile ile kinyume. Unyayo ukijifunza kuipita sakafu namna hiyo, ndio utakaokurusha juu kwenye kuruka na kukupokea chini bila kishindo. Ukifanya kumi za kweli utaanza kuhisi misuli ndani ya unyayo ambayo hukujua unayo, na pengine utabanwa na mkakamao. Ukibanwa, tikisa mguu, endelea.

Ufito uushike kwa vidole tu, mkono ukiwa mbele kidogo ya mwili. Katikati ya zoezi inua vidole. Ukiyumba, ulikuwa unaning'inia. Kioo nacho kina kazi moja, kukuonyesha kama goti liko juu ya kidole na kama mabega hayajapanda masikioni. Ukiona kinaanza kukupa maoni kuhusu unene wako, tazama mbele juu kidogo ya kichwa chako. Plie haiulizi kilo.

Mwalimu akikusahihisha, usijitetee wala kuomba radhi, itikia kisha jaribu hapo hapo. Akimsahihisha jirani, jisahihishe nawe. Ukiwa kwenye matatu kurudi, andika kwenye simu jambo moja tu aliloliambia darasa, na hilo ndilo la kufanyia kazi wiki nzima.

Nyumbani, robo saa jioni mbili au tatu za wiki inatosha. Sinki lako ni zuri kuliko kiti, kwa kuwa kiti hupinduka ukikiegemea. Fanya plie, tendu, kupanda na kushuka taratibu, na kusimama kwa mguu mmoja. Usiruke. Chini ya vigae kuna saruji na saruji hairudishi chochote. Sakafu nzuri ya densi ni ya mbao zilizoinuliwa ili zinepe kidogo. Kuruka mara kwa mara kwenye saruji huumiza mifupa ya muundi, mbali na kwamba jirani wa orofa ya pili atapanda kugonga. Wala usivae soksi tupu kwenye vigae.

Msamba. Mjibu mume wako kwamba msamba si mtihani wa baleti, na huenda usiupige kamwe, ukacheza vizuri tu. Ukitaka kuufuata, nyoosha misuli baada ya darasa mwili ukiwa moto, ukae kwenye mnyoosho nusu dakika hivi, bila kudundadunda. Kabla ya darasa ni kutembea, kuzungusha viungo na kupasha mwili moto tu. Atakayekukalia mgongoni akusaidie kushuka, mkatae.

Umri nisiufunike kwa hadithi tamu. Watu hupenda kuwatajia wanaoanza jina la Misty Copeland, aliyeanza "akiwa amechelewa" na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Alichelewa, ndiyo, alikuwa na miaka 13. Hapa kwetu mchezaji Joel Kioko alitoka mtaa wa Kuwinda, Nairobi, akafika English National Ballet School kule London, naye alianza akiwa kijana mdogo. Njia hiyo si yako, na sidhani unaitaka. Lakini Royal Academy of Dance ya London tangu 2017 ina mpango uitwao Silver Swans, wa watu wa kuanzia miaka 55, na wako wanaoanza hapo bila kuwahi kusimama kwenye ufito. Kwao wewe ni mtoto. Ukienda mara moja kwa wiki, usijipime kabla ya mwaka kwisha. Ukiweza mara mbili, mabadiliko utayaona mapema zaidi.

Mama mkwe mwambie ukweli, leotadi ni yako. Kama kinachomsumbua ni kubana kwa nguo, wako wengi wanaovaa leotadi ya mikono mirefu, legingi nyeusi na sketi fupi ya juu, na wanaofunga hijabu vizuri kwa nyuma. Mwalimu anachohitaji ni kuona goti na nyonga, basi. Na kama umesuka rasta ndefu zifunge juu kabisa, maana ukianza kuzunguka zitampiga mwenzako usoni.

Jumamosi hii fika mapema, umwone mwalimu wako kabla muziki haujaanza. Mwambie goti gani linauma, upande gani, na tangu lini. Mwonyeshe V yako mpya na plie moja, na umruhusu akushike nyonga kama huoni vibaya. Kisha kaa kwenye V hiyo darasa zima, hata mtakapohamia katikati na kila mtu kufungua miguu zaidi. Zikipita wiki mbili tatu za hivyo na ngazi bado zinakushikisha ukuta, panga miadi na mtaalamu wa fiziotherapia, na uvibebe viatu vyako laini avione.

Mwalimu